Mbegu Si ya Mwanamume

Mwaka jana nilialikwa kwenye kikao cha ukoo fulani wa Wajaluo karibu na Katito, pale barabara itokayo Ahero inapogawanyika, mkono mmoja ukipanda kwenda Sondu na mwingine ukishika njia ya Kendu Bay. Nilialikwa kwa ujirani tu. Shauri lilikuwa la mvulana wa miaka minne ambaye tangu hajajua kutembea alikuwa akivimba viganja na nyayo, akilia usiku kucha, hadi vipimo vikaonyesha ana selimundu. Baba yake alisema kwao hakuna ugonjwa huo. Shangazi akasema basi mama ndiye aliyekuja nao. Kisha mzee mmoja, ambaye namheshimu na nitaendelea kumheshimu, akatoa neno la mwisho: mbegu ilikuwa njema, shamba ndilo baya. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye nyasi, amempakata mwanawe, na hakuna aliyemuuliza neno. Kabla juma halijaisha alirudishwa kwa wazazi wake.

Neno hilo la mbegu na shamba ndilo ninalolipinga hapa. Mzee yule hakulitunga yeye. Nimelisikia Kisumu mjini kwa watu wenye digrii, nimelisikia Pwani, nimelisikia kwenye hotuba za harusi likisemwa na umati ukashangilia. Linasema mwanamume ana mbegu, mwanamke ni udongo. Mtoto akiongoza darasani, mbegu ya baba imejionyesha. Akizaliwa msichana wa tano mfululizo, au mtoto anayeugua, udongo ndio ulioharibu. Tazama hesabu hii ilivyopangwa: sifa zote upande mmoja, lawama zote upande wa pili, na hakuna mtoto awezaye kuzaliwa akaikanusha.

Wala si fikra ya Wajaluo peke yao, asije mtu akaniambia nimekuja kudharau mila. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alifundisha kwamba mwanamume hutoa umbo na mwanamke hutoa kitu cha kufinyangwa tu. Kabla yake Aeschylus aliandika tamthilia ambamo mungu Apollo anamtetea mtu aliyemuua mama yake kwa hoja kwamba mama si mzazi, bali mlezi wa mbegu ya mwenzake. Mwaka 1694 Mholanzi Nicolaas Hartsoeker alichora kijitu kimejikunyata ndani ya kichwa cha chembe ya manii, tayari kupandwa. Wazo hili lilikaa Ulaya karne nyingi, katika vichwa vya wasomi wakubwa. Liliondoka pale watu walipopata hadubini nzuri na subira ya kutazama.

Mzee alitupeleka shambani, basi na twende shambani, tena shamba la mahindi, maana huko wakulima wa huku Nyakach hawahitaji mwalimu. Mhindi ukikomaa hutoa mbelewele kileleni, na ubavuni hutoa hindi changa lenye ndevu. Vumbi la njano linalodondoka kutoka kwenye mbelewele ni chavua, nayo ndiyo ya kiume. Kila uzi wa ndevu umeshikana na kijiyai kimoja ndani ya hindi, nacho ndicho cha kike. Chavua isipoufikia uzi fulani, punje ya uzi huo haipatikani, ndiyo sababu unamenya hindi ukalikuta lina mapengo. Punje unayoikausha na kuiweka kwa ajili ya msimu ujao, ile unayoiita mbegu, ni mtoto tayari. Ina baba na ina mama, na udongo haujaigusa bado.

Kwa hiyo mfano wa mzee unajiangusha wenyewe. Apandaye mbegu hapandi kitu cha kiume. Anapanda kiumbe kichanga kilichokwisha kupokea nusu yake kwa baba na nusu kwa mama, na udongo unaokipokea si mzazi wake hata kidogo.

Ushahidi uko ghalani. Panda mahindi meupe karibu na jirani aliyepanda nyamula, yale ya njano ya kienyeji, na msimu huohuo utavuna mahindi meupe yenye punje za njano hapa na pale. Chavua ya jirani imevuka ua. Hakuna mkulima wa Katito atakayezitazama punje hizo akasema udongo wake umegeuka njano. Na ule wanga ndani ya punje, tunaousaga tukasonga ugali, umejengwa na seli zenye seti tatu za kromosomu, vile vibebaji vya urithi ndani ya seli: mbili za mama, moja ya baba. Kila tonge ni la mama zaidi kuliko la baba. Wazalishaji wa mbegu wanalijua hili vizuri. Kituo cha utafiti cha Kitale kilipotoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, kiliyapata kwa kuchanganya mahindi ya hapo na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, na mavuno yakawapita wazazi wote wawili. Hadi leo, katika mashamba ya kuzalishia chotara, mistari ya mama hung'olewa mbelewele ili ipokee chavua ya mistari ya baba pekee. Mama huchaguliwa kwa makini yaleyale anayochaguliwa nayo baba.

Lugha yetu nayo ina deni hapa. Kiswahili huziita chembe za manii "mbegu za kiume". Nilifundisha bayolojia miaka mingi, na neno hilo nimeliandika ubaoni kwa mkono wangu mara zisizohesabika. Sasa naona kwamba lilikuwa likimfundisha mwanafunzi uongo kabla sijafungua mdomo. Kama ni lazima tuazime jina shambani, ingekuwa "chavua ya kiume", na hapo kila mtoto wa mkulima angeelewa mara moja kwamba chavua peke yake haioti popote, hata uimwage kwenye udongo mweusi wa Kano. Kiswahili hichohicho kina maneno mawili ya haki kabisa, kuumeni na kukeni, yanayompa kila mtu pande mbili. Hayo ndiyo niliyoyatamani kikaoni.

Waliotazama kwa hadubini waliona nini? Mwaka 1876 Mjerumani Oscar Hertwig, akichunguza mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, alikuta viini viwili, cha yai na cha chembe ya dume, vikikutana na kuwa kimoja. Miaka saba baadaye Mbelgiji Edouard van Beneden akamchukua mnyoo wa tumbo la farasi, wa jamii ileile ya minyoo tunaowanywesha watoto wetu dawa wawatoe. Mnyoo huyo ana kromosomu chache mno, kwa hiyo zinahesabika. Akaona yai limeleta mbili, chembe ya dume imeleta mbili, na mtoto ameanza na nne. Mbili kwa mbili. Hoja ya Apollo ilikufa kwenye utumbo wa farasi.

Kwa binadamu ni 23 kwa 23. Hata wanasayansi walikosea kuhesabu: kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilisema mtu ana kromosomu 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya Sweden na kutangaza mwaka 1956 kwamba ni 46. Wengi kabla yao walitazama hadubini zao wakaona kile walichokwisha kuambiwa. Nalitaja hili kwa sababu mimi silaumu wazee kwa kurithi kosa. Nalaumu kulishikilia baada ya kuonyeshwa.

Seli ya kawaida ikitaka kujizalisha hunakili kromosomu zote 46. Nakala hujipanga katikati, nyuzi nyembamba kama za buibui huzivuta pande mbili, na seli mbili zinazopatikana zina 46 kila moja. Ndivyo kidonda kinavyofunga na mtoto anavyorefuka. Mgawanyiko huo ndio mitosisi. Lakini ndani ya korodani na ndani ya ovari kuna mgawanyiko wa namna nyingine, meiosisi. Kromosomu hunakiliwa mara moja, seli hugawanyika mara mbili, na hesabu hushuka hadi 23. Kabla ya kuachana, kromosomu mbili za kila jozi, moja iliyotoka kuumeni na moja iliyotoka kukeni, hulala sambamba na kubadilishana vipande. Kisha kila jozi hutengana bila kungoja jozi nyingine zimekwenda upande gani. Hata ukiacha hayo mabadilishano ya vipande, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya watu 1,155,574 waliohesabiwa kaunti nzima ya Kisumu mwaka 2019. Ndiyo maana ukirudia kupanda punje za chotara uliyovuna unapata shamba la vimo mbalimbali, na ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani.

Mama, huyu anayeitwa udongo, huanza kazi mapema mno. Mayai yake huingia kwenye meiosisi yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, halafu husimama na kusubiri miaka. Seli iliyokuja kuwa yai langu mimi ilikuwepo tayari nyanya yangu alipokuwa na mimba ya mama yangu. Na juu ya kromosomu 23, yai huleta mitokondria, vile vijumba vya kutengeneza nguvu ya seli, vyenye jeni 37 za kwao wenyewe, ambazo kwa kawaida mtoto hapati hata moja kwa baba.

Sasa turudi kwa yule mvulana. Selimundu hutokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya himoglobini, kwenye kromosomu ya 11. Kila mtu ana kromosomu za 11 mbili. Aliye na moja yenye herufi hiyo na nyingine ya kawaida ni mbebaji, naye kwa kawaida hulima, huzaa na kuzeeka bila kujua. Aliye nayo katika zote mbili ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu hupinda kama mundu zikipungukiwa oksijeni, hukwama kwenye mishipa midogo, na huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Mwaka 1949 James Neel wa Marekani, na daktari E. A. Beet aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba mtoto mgonjwa ana wazazi wawili wanaobeba. Wawili. Imepita miaka zaidi ya 75, na bado tunakaa chini ya mwembe kumtafuta mmoja.

Baba aliposema kwao hakuna ugonjwa huo, huenda alisema kweli tupu. Mbebaji akioana na asiyebeba hazaliwi mtoto mgonjwa, kwa hiyo herufi inaweza kupita vizazi kimyakimya. Lakini kukosekana kwa wagonjwa katika boma si kukosekana kwa herufi. Mvulana alikuwa na kromosomu za 11 mbili, zote zina herufi ile, na moja kati ya hizo ilitoka kwa baba. Kikao kizima kilitafuta ushahidi kuhusu upande wa baba, na ushahidi huo ulikuwa umepakatwa pale kwenye nyasi.

Asikimbilie mtu kusema kwamba basi mtoto si wake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alirudi mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford akazunguka nchi hii akikusanya damu. Nyanda za juu alikuta wabebaji hawafiki hata mmoja kwa 100. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwetu huku, walizidi 20 kwa 100. Katika eneo kama hilo wabebaji wawili kuoana si ajabu wala fumbo, na kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Allison alitambua kwamba ramani yake ililala juu ya ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha jaribio la wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa, 15 wabebaji na 15 wasiobeba. Vimelea vilishika kwa 14 kati ya wasiobeba, na kwa 2 tu kati ya wabebaji. Jaribio la namna ile linanikosesha raha hadi leo. Matokeo yake, hata hivyo, yanawahusu wajukuu wa watu wale. Herufi hii ambayo watu wanaiita chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, ndiyo iliyowavusha wengi wa wazee wetu utotoni, katika mabonde yaliyojaa mbu, ili waje waketi kwenye vikao. Ni haki gani basi kumfukuza mwanamke kwa kubeba kitu ambacho pengine ndicho kilichomwokoa babu wa mumewe?

Hata neno "damu" linatupotosha. Tunasema mtoto ni damu ya baba, au kwamba mama ameleta damu mbaya. Chembe nyekundu, zinazoipa damu rangi yake, zikishakomaa hutupa kiini chao nje. Hazina kromosomu hata moja. Na damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto tumboni. Kondo la nyuma huzitenganisha, likapitisha chakula na hewa. Kinachorithiwa hakitiririki. Kinanakiliwa, kinagawanywa na kukabidhiwa, seli kwa seli.

Nije kwenye shtaka la pili, ambalo ndilo limevunja ndoa nyingi zaidi huku kwetu: huyu huzaa wasichana tu. Mwaka 1905 Nettie Stevens, mwanamke wa Marekani, alichunguza kijidudu wa unga, yule anayeingia kwenye nafaka iliyokaa. Majike walikuwa na kromosomu kubwa 20. Madume walikuwa na kubwa 19 na moja ndogo. Nusu ya chembe za dume zilibeba ile ndogo, nusu zikabeba mwenzake mkubwa, na hapo ndipo jinsia ya mtoto ilipoamuliwa. Binadamu naye ni vivyo hivyo. Mama ana X mbili, kwa hiyo kila yai lina X. Baba ana X na Y. Mwanamume anayeoa mke wa pili ili apate mvulana amebadilisha upande usio na Y ya kutoa.

Sisemi haya ili nimbebeshe mwanamume lawama niliyomtua mwanamke. Hakuna anayeichagua chembe itakayofika. Kati ya jozi 64 za wanandoa, kila jozi ikiwa na watoto sita, tutegemee takriban moja iwe na wasichana watupu, na nyingine wavulana watupu, bila kosa la mtu. Na mimba ya saba haikumbuki sita zilizotangulia.

Wapo watakaonijibu kwamba ukoo ni wa baba, na kwamba sayansi yenyewe inajua Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kizazi hadi kizazi. Ni kweli. Lakini Y ni mojawapo ya kromosomu ndogo kabisa, na jeni zake ni chache mno ukilinganisha na takriban 20,000 za mtu mzima. Anayedai kwamba Y ndiyo mtu amechukua ufunguo akauita nyumba. Nami nawauliza swali: X ya baba huenda wapi? Huenda kwa binti zake wote, na haiendi kwa mwanawe wa kiume hata mmoja. X hiyo aliipata kwa mama yake. Kwetu msichana hupewa jina la nyanya yake wa kuumeni aliyefariki, na watu wazima husema wameona macho ya marehemu kwake. Msichana huyo ana X ileile ambayo nyanya alimpa baba yake, karibu yote kama ilivyokuwa. Ndugu zake wa kiume hawana hiyo. Kama boma linataka kujua mama mzazi wa mwenye boma amebaki wapi, amebaki zaidi kwa hao wasichana wanaohesabiwa kama wageni wanaosubiri kuolewa.

Wengine watanikumbusha ugonjwa wa Down, kromosomu ya 21 inapokuwa tatu badala ya mbili, jambo lililogunduliwa na Jérôme Lejeune na wenzake mwaka 1959. Wanasema hapo kosa ni la mama, maana hutokea zaidi umri wake ukisogea. Mara nyingi kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai, sikatai. Yai limesubiri miaka 35 au 40 katikati ya meiosisi, na nyuzi zilizoshika kromosomu zimechoka. Upande wa baba nako kuna gharama ya umri. Mabadiliko mapya ya herufi katika jeni hutoka kwa baba zaidi, kwa sababu seli zake hazikuacha kunakili tangu balehe, na kila mwaka unaopita huongeza makosa machache. Mwili wa kila mzazi huzeeka kwa njia yake. Kuzeeka si hatia.

Kitu kimoja nakitaka kifanyike Katito, na hakihitaji fedha nyingi. Mtoto akipatikana na selimundu, wapimwe wazazi wote wawili, siku moja, wakiwa wameketi kwenye benchi moja. Si kwa ajili ya kutafuta wa kulaumiwa. Watoto wengine wa nyumba hiyo na ndugu wa pande zote mbili wanahitaji kujua, kuumeni sawa na kukeni, kabla nao hawajaoa na kuolewa. Dawa zipo: proguanili ya kila siku kuzuia malaria, penisilini utotoni, foliki, na haidroksiyurea, ambayo utafiti uliofanyika Kilifi pamoja na vituo vya Uganda, Kongo na Angola ulionyesha mwaka 2019 kwamba hupunguza maumivu, malaria na vifo. Dawa hizi zinataka nauli, zinataka chakula, zinataka mtu wa kukesha na mtoto usiku anaoumwa. Ni kazi ya watu wawili, na neno la mbegu na shamba humwondoa mmoja wao siku ileile ugonjwa unapopewa jina.

Mvulana yule sasa anaishi kwa babu yake wa kukeni, juu Nyabondo. Mama yake hushuka naye mlima kila mwezi kufuata dawa, na wakati wa mvua humbeba mgongoni, maana baridi humchokoza maumivu ya mifupa. Nilimtembelea baba yake mara tatu kumwomba akapimwe. Mara ya tatu alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kipimo kinachukua damu kiasi gani, nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole. Alisema atafikiria. Hadi ninapoandika haya hajaenda.